Mkia wa Chumvi

Asubuhi ile mzabibu wangu haukulia vizuri.

Nilikuwa nimetega chungu chini ya jeraha la kisu kwenye shina kama kawaida, nikaenda kufagia uani. Siku zote nikimaliza kufagia nakuta chungu kimejaa, maji yanachuruzika pembeni na vifaranga wanayagombania. Siku hiyo nilifagia, nikawasha moto, nikapepeta uwele wa uji, nikarudi, na maji yalikuwa hayajafika hata shingoni mwa chungu. Tone lilivimba pale kwenye jeraha, likang'ang'ania, halafu likaanguka kama mtu aliyesukumwa kutoka kitandani.

Nikaonja. Yalikuwa na utamu uleule mwepesi ambao mgeni hausikii mpaka aambiwe. Basi ubaya haukuwa ndani ya mzabibu. Nikachuchumaa, na kwa magoti haya kuchuchumaa ni kazi, nikakwangua udongo shinani kwa ukucha. Juu palikuwa na gamba jeupe, gumu kidogo, kama ukoko wa ugali uliokaukia sufuriani. Nikaligusisha ulimini. Chumvi.

Wakati wa baba yangu, hapa Chilowa zabibu zililimwa ili ziliwe na zikamuliwe. Ukiupogoa mzabibu, pale ulipokata hutoka maji tone kwa tone, na watu walisema mzabibu unalia. Maji yale yaliingia ardhini yakapotea wala hakuna aliyejali, maana visima vilikuwepo. Kisha visima vikageuka chumvi kimoja baada ya kingine, na mvua ikawa kitu cha kusimuliwa. Ndipo watu wa Kituo cha Mizizi wakauchukua ule mzabibu wakaufundisha kulia mwaka mzima. Mizizi yake inashuka mpaka kwenye maji ya chumvi yaliyo chini ya mbuga, na kwenye ngozi ya kila mzizi wameweka mabawabu. Hao si watu. Ni vilango vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinayaruhusu maji yapite na kuikatalia chumvi isiingie.

Mizabibu yote ya kijiji ni mmoja. Shina la kwangu limeshikana na la jirani, la jirani limeshikana na la zahanati, la zahanati na la shule, likifuata nyaya kandokando ya njia. Ukikata popote unakata mwili uleule. Kazi ya kuunga ni yangu, tangu mikono yangu ilipokuwa haitetemeki hadi leo inapotetemeka kidogo asubuhi na kutulia nikishika kisu.

Kuunga kuna utaratibu. Kila upande unakatwa, maji ya kila upande yanakingwa kwenye kibuyu, na kila mwenye mzabibu anaonja maji ya mwenzake mbele ya watu. Ukimeza, umekubali: kitakachompata yeye kitakupata na wewe. Ukitema, hakuna anayekuuliza sababu. Unachukua vitu vyako unarudi kwako, na hakuna ugomvi. Jambo hili halikuletwa na Kituo. Tulilianza wenyewe baada ya bwana mmoja kuunga mzabibu wenye ukungu bila kumwambia mtu, na nusu ya kijiji ikalala ikiumwa matumbo.

Nikafunika chungu changu kisichojaa, nikamtumia habari Sechelela.

*

Sechelela ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Nimemlea mimi, nikamsomesha kwa njugu za shamba la babu yake, akaenda chuo, akarudi ni mtaalamu wa Kituo. Anajua mengi na hana majivuno, ila akiwa na jambo zito haliingilii mlangoni. Hulizungushia uani kwanza.

Siku hiyo alifika mchana nikiwa natengeneza kachumbari. Akanisalimu mbukwa, nami nikamwitikia mbukwa, kama ilivyo kwetu. Akabandika kipimo chake kwenye shina la mzabibu, kidude chembamba kama jani, akakitazama muda mrefu. Kisha akaja kukaa kwenye kigoda kando yangu, akaanza kusifu kuku. Nikajua kuna jambo.

Vitunguu nilikuwa nimevikata na kuvitia chumvi ili vipungue ukali, na matango vilevile. Bakuli lilikuwa limeanza kujaa maji ambayo mimi sikuyatia. Sechelela akachovya kidole humo.

"Hii ndiyo mizizi yako, Bibi."

Nikamwambia mizizi yangu haijatiwa pilipili. Akacheka, akachukua kipande cha tango akakikunja. Kilikunjika kama kitambaa, hakikuvunjika. Akanieleza, na mimi nitaeleza kama nilivyoelewa, maana niliishia darasa la nne na huko hatukufika kwenye mizizi.

Tango ni vyumba vidogo vilivyopangwa, kila chumba kina ukuta na kila ukuta una ngozi laini ndani yake, na ndani ya ngozi mna maji. Vyumba vikijaa, tango linakuwa gumu na linavunjika kwa sauti. Ukiweka chumvi nje, maji yaliyo ndani yanatoka kuifuata, kwa sababu maji daima huelekea palipokolea zaidi. Ngozi inayaachia. Vyumba vinanywea, tango linalegea. Shuleni wanaita osmosisi. Mimi naita kachumbari.

Mzizi wenye afya huugeuza mchezo huo uwe faida yake. Majani yanapika sukari kwa jua na kuiteremsha chini kwa njia yake. Mzizi unaichoma ile sukari kupata nguvu ya kukokota chembe za madini na kuziingiza ndani. Ndani kunakolea kuliko nje, maji yanafuata, yanasukumana kupanda, na alfajiri, kabla majani hayajaamka na kuanza kuyavuta kwa kazi yao, yanatokea pale ulipokata. Ndiko kulia kwenyewe. Lakini chumvi waliyoikataa mabawabu haikwenda popote. Imekaa mlangoni miaka yote, ikarundikana. Sasa nje kunakaribia kukolea kuliko ndani.

"Kwa hiyo mzizi unachoma sukari yote na bado unashindwa," nikasema.

"Unashindwa. Si wako peke yako, Bibi. Ni kijiji kizima. Wa zahanati una hali mbaya kuliko wako."

Nikamuuliza ikifika siku ambayo mzizi hauwezi tena, nini kitafuata. Akasema maji yatarudi nyuma. Mzabibu utayatoa maji yake wenyewe ardhini, kama hili tango. Alisema hivyo akikitazama kile kipande mkononi, hakukila.

Nikakamua vitunguu nikamwaga maji yake. Nikangoja. Mtu akizungukia uani, mwache azunguke, atafika.

Akafika. Kituo kilikuwa kimekuza mzabibu wa namna nyingine. Mizizi yake haina mabawabu kama ya kwetu. Inaipokea chumvi, inaipandisha pamoja na maji, na kuipeleka kwenye majani, na ndani ya kila chumba cha jani kuna ghala inapofungiwa isiue jani. Jani likishajaa chumvi linavuta maji kwa nguvu kuliko jani lolote, na mizizi ya namna hiyo, ikiungwa na yetu, inapita katikati ya mizizi yetu ikizoa kile kilichorundikana mlangoni. Wanauita mkia. Mkia ukikaa mwisho wa mwili, mwili wote unasafika. Majani yakizidiwa, yanaanguka. Yanaanguka pale mkia ulipolala.

"Na utalala wapi?"

"Ng'ambo."

*

Ng'ambo ni kitongoji kilicho upande wa pili wa korongo. Waliokaa pale walikuja na ng'ombe kutoka Usukumani, ng'ombe wakafa njiani, wenyewe wakafika. Mpaka siku hiyo walikuwa wanakuja kuchota kwetu kwa ndoo, na wametuomba miaka mingi tuwaunge, nasi tunasema mwakani. Mkubwa wao ni Minza, mwanamke mrefu, mjane kama mimi. Ana mbuzi mkorofi anayekula kamba za kuanikia nguo, amempa jina langu, Foibe, na akimfukuza anapaza sauti makusudi nisikie huku. Mimi nilimwambia nikipata punda mvivu nitamwita Minza. Ndivyo tunavyoishi.

Sechelela alisema watu wa Ng'ambo wataungwa hatimaye. Watapata maji ya kulia mlangoni mwao, na watavuna vizuri misimu kadhaa.

"Halafu?"

Halafu, akasema, udongo wao utakuwa mweupe. Mizizi yao itakuwa ya kwanza kushindwa, na watahama. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wale ni watu waliozoea kuhama.

Nikamtazama mjukuu wangu. Sikuona ubaya usoni mwake. Niliona mtu ambaye hajalala vizuri.

"Umewaambia?"

"Wameambiwa watapata maji."

"Nimekuuliza kama umewaambia."

Akanieleza kamati imekaa, mwenyekiti Mgonela amekubali, na Minza amekubali kwa sharti moja, kwamba atakayeunga ni mimi na si mtu wa Kituo. Hapo ndipo palikuwa na tatizo lao. Mkia umekuzwa kwenye vyungu vya chumvi tangu ulipokuwa mche, na maji yake ni ya chumvi. Mtu akiyaonja atajua. Kwa hiyo walikuwa wamefikiri. Nitaukata mzabibu wetu juu kidogo ya pale mkia unapoanzia, nitakinga maji ya pale, ambayo ni matamu, nitampa Minza. Mkia wenyewe, ambao Kituo kitakuwa kimeushikiza mwisho wa mzabibu wetu, utakuwa umefunikwa gunia tayari kupandwa nyuma ya nyumba zao.

"Si uongo, Bibi. Ni maji ya mzabibu wetu kweli."

Nikampakulia ugali na kachumbari. Nikamwambia ale kwanza. Alikula, na hakulikumbuka tena lile tango alilokuwa amelishika. Lilikuwa limebaki kwenye kigoda, limenywea, likazungukwa na sisimizi.

*

Mgonela alikuja kesho yake, na sikatai, alisema maneno ya kweli. Alisema katika zahanati kuna wanawake wanaongoja kujifungua na chungu cha pale kinajaa robo tu. Alisema yeye hana chuki na watu wa Ng'ambo, ila yeye alichaguliwa na Chilowa. Akasema kijiji chetu kikihama hakuna mahali pa kwenda, maana kote ni mbuga ileile. Watu wachache wahame, au wengi wahame, mama, nichague mimi nini? Nikamwambia nimemsikia. Akauliza kama nitakuja na kisu. Nikasema nitakuja na kisu. Akashukuru akaondoka, na hakuuliza zaidi ya hapo.

Jioni kabla jua halijazama nilikwenda Kituoni kuuona huo mkia. Ulikuwa umepangwa kwenye vyungu nyuma ya jengo, mizabibu minene ya kijani iliyofifia, majani yake mazito kama masikio ya ndama. Upande wa chini wa kila jani palikuwa na punje nyeupe zinazong'aa, ungedhani mtu amenyunyiza sukari. Nikachuma jani moja nikalilamba. Lilinikausha mdomo mzima. Nilipokuwa msichana tulikuwa tunakwangua udongo wa mbuga, tunauchuja kwa maji na kuchemsha tupate chumvi ya kuuza mnadani, na kila mwaka tulihamia sehemu nyingine, kwa sababu tulipokwangua na kumwaga machicha hapakuota hata magugu. Nayajua machicha hayo. Watoto wangu walikuwa hawajazaliwa, na mpaka leo ukipita utaona mabaka.

Kutoka pale sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipita shamba la njugu.

Shamba lile alilifyeka mume wangu, Yeremia, na amelala kwenye kona yake ya juu. Mimi nimelilima mpaka nguvu zilipopungua, kisha nikamwandikishia Sechelela kwa mwenyekiti, mbele ya watu. Alikuwa ameshafyatua matofali, ameyachoma, ameyapanga katikati ya shamba, na amepigilia vigingi na kufunga kamba za kuonyesha vyumba. Sebule, akaniambia siku moja akitembea kati ya kamba, hapa jiko, na hapa chumba chako Bibi, kitatazama jua la asubuhi. Nilisimama katika hicho chumba changu kisicho na kuta. Mzabibu wa mwisho wa nyaya zetu unaishia pale, kwenye mpaka unaotazama korongo.

Nilikaa hapo mpaka nikajua nitakalolifanya. Halikuchukua muda mrefu. Kilichochukua muda ni kuyaangalia yale matofali.

*

Tuliunga asubuhi, kwenye ukingo wa korongo, pale linapobana mpaka watu huweza kupeana kitu mikononi, wakati mizabibu ingali inalia. Chilowa walisimama upande huu, Ng'ambo upande ule, na akina mama wa Ng'ambo walikuwa wamevaa kama watu wa harusi. Minza alikuja na mzabibu wao mchanga, ambao Kituo kiliwapa ulipokuwa mche, ameubeba mwenyewe na udongo wake. Mbuzi alikuwa amemfuata.

"Foibe, rudi nyuma, usiwaaibishe wakubwa," akamwambia mbuzi, akinitazama mimi.

Watu wakacheka. Nikamwambia mbuzi huyo ana akili kuliko aliyempa jina. Wakacheka tena. Sechelela alisimama kando ya gunia lililofunika mkia, kipimo chake kifuani, na hakucheka.

Nikatoa kisu. Nikaukata mzabibu wa Ng'ambo, nikakinga maji yake kwenye kibuyu cha kwanza, nikayaonja. Yalikuwa mepesi, mazuri. Nikameza. Wanawake wa Ng'ambo wakapiga vigelegele.

Kisha nikatembea mpaka kwenye gunia.

Mgonela akasema kwa upole, kama anamwelekeza mzee aliyepotea njia, kwamba pa kukata ni huku juu. Nikamjibu napaona. Nikalifunua gunia, nikashika shina la mkia, nikalikata. Maji yakaja haraka, mazito kidogo. Nikakinga kibuyu cha pili. Hakuna aliyenizuia. Ukishashika kisu cha kuunga, mtu hakushiki mkono, ataharibu kidonda.

Nikayaonja mimi kwanza, nikatema chini ili watu waone. Kisha nikampa Minza.

"Haya ndiyo maji ya upande wetu mtakaoungwa nao," nikasema. "Onja."

Alinitazama. Akaonja. Uso wake haukubadilika ila shingo ilisimama. Akageuka pembeni akatema, akapangusa mdomo kwa ncha ya kitenge, na vigelegele vilivyokuwa vinangoja vikabaki vifuani mwa watu.

Nikawaeleza Ng'ambo kila kitu, kwa maneno ya jikoni. Kwamba kwetu chumvi imejaa mlangoni. Kwamba mzabibu huu unaizoa na kuipeleka kwenye majani, na majani huanguka. Kwamba ulikuwa uanguke kwao. Watavuna, kisha ardhi yao itakuwa kama mabaka ya kule tulikochujia chumvi, na watoto wao wataanza kutembea tena kama walivyotembea wao. Nilisema bila kupaza sauti. Mzee mmoja wa kwetu nyuma alisema nimewauza, na mwingine akamwambia anyamaze.

Minza alikuwa amekishika kibuyu bado. Kwa utaratibu, alikuwa ameshatema. Angeweza kuubeba mzabibu wake akarudi, na asingedaiwa neno. Badala yake akauliza:

"Na msipouleta kwangu, huo mkia wenu utalala wapi?"

"Kwangu. Shambani kwangu, penye matofali."

Sikumtazama Sechelela niliposema hivyo. Nilimsikia akivuta pumzi. Akaja mpaka nilipo, akanisemesha kwa sauti ya mtaalamu, sauti anayoitumia akitaka kuificha ile nyingine.

"Bibi, shamba lile ni dogo. Litajaa baada ya misimu michache. Halafu?"

"Halafu shamba la Mgonela, ndiye anayepakana nasi. Halafu la anayefuata. Kila nyumba inayokunywa italaza mkia kwa zamu yake. Majani tuyaokote kabla hayajaoza, tuyachome, tuchuje chumvi yake tuitumie, ardhi isipate yote. Wewe ndiye unayejua kama hilo linawezekana. Mimi najua kuchuja tu."

Nilimwona anahesabu kichwani, macho yamekwenda mbali kama alipokuwa mdogo akifanya hesabu za mwalimu. Akasema kwa shida kwamba majani yakiokotwa, ardhi ingechelewa kujaa. Haitapona, ila ingechelewa sana. Mkia ungeweza kuhamishwa kabla pale ulipo hapajafa kabisa. Kituo hakikufikiria hivyo kwa sababu hakuna mtu ambaye angekubali ulale kwake.

"Hakuna aliyeulizwa," nikasema.

Mgonela akasema hili ni jambo la kamati, haliamuliwi korongoni. Akauliza nani atakayekubali shamba lake lingojee chumvi. Watu walitazamana. Muuguzi wa zahanati, ambaye chungu chake kilikuwa kinajaa robo tu, akasema zahanati ina uwanja, uandikwe kwenye zamu. Baada yake niliona baadhi ya wenzangu wakitazama ardhi, na sikuwalaumu.

Minza akavuka. Aliteremka korongoni akapanda upande wetu, mzabibu begani, akasimama mbele yangu karibu kabisa.

"Na sisi tukinywa, zamu yetu itafika."

"Itafika."

"Baada ya kwako, baada ya kwa huyu," akamwonyesha Mgonela kwa kidevu, "siyo kabla."

"Siyo kabla."

"Basi hilo nimelielewa. Lile la kwanza nisingelielewa mpaka nikiwa njiani." Akaweka mzabibu wake chini. "Lakini nimeshatema, Foibe. Siwezi kuyarudia mate yangu. Mwenye shamba ndiye ameze kwanza, nione."

Ilikuwa haki. Nikanyoosha mkono kuchukua kibuyu.

Sechelela alikuwa amenitangulia. Alikichukua kutoka mkononi mwa Minza, akakishika kwa mikono miwili kama watoto wanavyoshika bakuli la uji wa moto.

"Shamba si la Bibi," akamwambia Minza. "Alishaniandikishia mimi. Hayo matofali ni yangu."

Nikataka kusema kitu. Nilikuwa na maneno mengi, kuhusu chumba kinachotazama jua, kuhusu babu yake aliyelala kwenye kona ya juu. Nikayaacha. Alikuwa amekwishazunguka uani kote, sasa alikuwa mlangoni.

Akanywa. Hakuonja tu, alikunywa mpaka kibuyu kikainama. Niliona koo lake likikataa na yeye akililazimisha. Macho yakamjaa maji, midomo ikakakamaa. Watu wote walikuwa wanangoja ageuze kichwa.

Hakutema.

Akakigeuza kibuyu juu chini ili Minza aone kimekwisha. Kisha akainama kando yangu penye shina, akaondoa gunia lililobaki, akaweka kidole chake mahali ambapo mkia ungekatwa upya ili uelekezwe nyuma, kwetu, kwenye matofali.

"Kata hapa, Bibi," akasema.

Mkono wangu ulikuwa umetulia. Nikakata.